Saa moja kwa ofisi nzima: kupanga chrony kwenye mtandao wa ndani

Kifuwele kinachoendesha saa ya kompyuta hukosea. Kosa la sehemu 20 kwa milioni, ambalo ni la kawaida, ni sekunde 1.7 kwa siku. Kwa hiyo tenga mashine moja ya Linux (Debian au Ubuntu) iwe seva: iulize saa intaneti kwa chrony, programu ya kulinganisha saa, na nyingine zote ziiulize hiyo.

Weka programu:

`sudo apt install chrony`

Itaiondoa systemd-timesyncd, programu nyingine ya kurekebisha saa. Usiirudishe, nahodha wawili chombo huenda mrama. Ndani ya `/etc/chrony/chrony.conf` futa mistari inayoanza na `pool`, kisha andika (badili anwani zifanane na mtandao wako):

`pool africa.pool.ntp.org iburst maxsources 4`
`allow 192.168.1.0/24`
`local stratum 10`

Vyanzo viwe vinne, kwani viwili vikipingana hakuna wa kuamua kipi kimepotoka. Mstari wa mwisho huifanya seva iendelee kutoa saa intaneti ikikatika. Ofisi nzima ikosee pamoja kuliko kila mashine kivyake.

Mstari wa `makestep 1 3` uache ulivyo: saa huruhusiwa kuruka katika masahihisho matatu ya kwanza tu, baadaye husogezwa polepole. Ikirudi nyuma mchana wa kazi, hifadhidata itapanga risiti kinyume.

`sudo systemctl restart chrony`

Fungua poti ya UDP 123, inayopitisha maulizo ya saa, kwenye ukuta wa moto (firewall) wa seva. Mashine nyingine za Linux ziandikie `server 192.168.1.10 iburst` badala ya `pool` (hapa 192.168.1.10 ni anwani ya seva). Kwenye Windows, kama msimamizi:

`w32tm /config /manualpeerlist:192.168.1.10 /syncfromflags:manual /update`
`w32tm /resync`

Sasa kagua kwa `chronyc sources`. Alama `^*` ni chanzo kilichochaguliwa. `^x` ni kile kilichoonekana kudanganya. Safu ya Reach ikionyesha 377, maana yake maulizo manane ya mwisho yote yamejibiwa (tarakimu hizo ni za mfumo wa nane). Ikibaki 0, kuna anayezuia poti 123, mara nyingi ruta.

Modemu ya simu ina hila yake. NTP, itifaki ambayo chrony huitumia kuuliza saa, huchukulia kwamba ujumbe hutumia muda uleule kwenda na kurudi. Ukienda kwa milisekunde 80 na kurudi kwa 20, saa itapotoka milisekunde 30, na chrony haina njia ya kuligundua kosa hilo.

Mashine yenye Windows na Linux pamoja ikipishana saa tatu kamili, mtandao hauna hatia: Windows huandika saa ya mahali kwenye ubao mama, Linux huandika UTC (saa ya dunia, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu). Ikiwa ni mwaka unaorudi nyuma kila umeme ukikatika, badilisha betri ya CR2032.