Kadi moja ya Costco, ndugu majimbo matatu: namna ya kuwanunulia mtandaoni

Katika ukoo wetu hapa Marekani, mwenye kadi ya Costco, yale maduka makubwa ya jumla yanayotaka uanachama wa kulipia, ni mimi. Ninakaa Minnesota. Mama mdogo yuko mji mdogo wa viwanda vya nyama kule Iowa, Costco iko mbali naye na hana gari. Mdogo wangu wa mwisho yuko chuoni Ohio, anaishi bwenini. Kaka yangu anaendesha malori Texas, kwa hiyo nyumba yote iko mikononi mwa wifi yangu na watoto. Wote hao huagiza kupitia kwangu, na mpangilio huu umetusaidia kiasi kwamba nataka na wewe uuweke nyumbani kwako, ila uuweke vizuri tangu mwanzo.

La kwanza: agiza wewe mwenyewe. Usimpe mtu nywila yako, hata kama ni mtu uliyenyonya naye ziwa moja. Uanachama ni wa mwenye jina. Costco wanakupa kadi ya pili bila malipo, lakini ni kwa mtu mmoja mnayeishi anwani moja, na mama mdogo wa Iowa hayumo humo. Kinachoruhusiwa, na kinachotosha kabisa, ni wewe kuingia kwenye akaunti yako, kulipa kwa kadi yako ya benki, na kuandika anwani ya ndugu yako kwenye sehemu ya kupelekewa mzigo. Akaunti yako ina kadi yako ya benki, anwani zenu zote na historia ya kila mlichonunua. Nywila ikishafika kwenye kundi la familia la WhatsApp, huwezi kuirudisha tena.

Kabla ya kuagiza chochote, muulize ndugu yako kama kuna Costco karibu naye. Kama ipo, huenda hahitaji umtumie mzigo. Mwanachama anaweza kununua kadi ya zawadi ya Costco Shop Card, na atakayeishika anaingia dukani na kununua hata kama si mwanachama. Hivyo ndivyo ninavyofanya kwa wifi. Anachagua nyama na matunda kwa macho yake, anapata bei ya dukani, na mimi sikai kwenye simu kumuuliza anataka ndizi mbivu au za kupika. Tena, asiye mwanachama anaweza kununua vitu vingi kwenye tovuti yao kwa kuongezewa asilimia 5. Ndugu anayetaka kitu kimoja cha dola 40 ataongeza dola 2 tu. Mwache ajinunulie, utunze nguvu zako kwa oda kubwa.

Sasa bei, na hapa ndipo pesa nyingi za watu zinapopotelea. Costco mtandaoni ina milango miwili, na mara nyingi bei za dukani haziko kwenye mlango wowote kati ya hiyo. Mlango wa kwanza ni tovuti yenyewe. Huko vitu vingi vimeshawekewa gharama ya usafiri ndani ya bei, kwa hiyo ukiona "usafiri bure" ujue umeulipia tayari. Vyakula vikavu vya kufika ndani ya siku mbili havilipiwi usafiri oda ikifika dola 75. Mlango wa pili ni Costco Same-Day, unaoendeshwa na Instacart, kampuni ya kununulia na kupelekea watu vitu vya dukani: mtu anaingia kwenye duka lililo karibu na anayepelekewa, anachukua vitu rafuni na kumfikishia siku hiyohiyo. Bei za huko ziko juu ya za dukani, na bakshishi ya mletaji unaiweka juu yake. Na kwa kuwa vitu vinatoka duka la jirani, mji usio na duka jirani haufikiwi.

Kwa hiyo mimi hugawa hivi. Vitu vizito vya bei ndogo, yaani mchele, unga, sukari, maji, simtumii mtu. Mama mdogo anapata mchele wake kwenye duka la Wasomali mtaani kwao, na nikijumlisha usafiri, bei ya pale ndiyo nzuri. Nepi, vitamini, sabuni za kufulia, magodoro, televisheni, mafriji, makoti ya baridi: hivyo ndivyo vya kuagiza. Nepi hasa. Mtoto anazitumia kila siku, haziozi, na mama aliyetoka kujifungua hana haja ya kubeba boksi kubwa kwenye ngazi.

Ukitumia Same-Day kumwagizia mtu, fungua sehemu ya vitu mbadala kabla ya kulipa. Kila bidhaa inakuuliza: ikikosekana, wachukue nini? Usipochagua, mchukuaji atachagua kwa niaba yako, na hajui kwamba mdogo wako akinywa maziwa tumbo linamchafuka. Chagua mbadala unaoukubali, au sema wasilete kitu na warudishe pesa. Kisha kaa na simu muda wote wa ununuzi, maana maswali yanakuja kwako wewe mwenye akaunti.

Anwani iandike kama anavyoiandika yeye mwenyewe anapopokea barua za serikali. Mwambie akupigie picha ya bahasha moja akutumie. Ndivyo nilivyopata namba ya apatimenti ya mama mdogo, ambayo kwa mdomo amekuwa akiniambia "ile ya juu, mkono wa kushoto". Kwa mwanafunzi, jina liwe lile lililo kwenye kitambulisho cha chuo, kwa sababu ofisi ya barua ya bweni haimjui "Junior". Na namba ya simu iwe ya anayepokea. Mizigo mikubwa huletwa kwa miadi; wakipiga simu kwako na wewe uko kazini hupokei, friji la watu litakaa bohari.

Nikitaja mafriji, niseme la vipimo. Mama mdogo alitaka friza la kulala, lile linalofunguliwa kwa juu, la futi za ujazo 7. Nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeshaagiza?"

"Bado. Naomba unipimie mlango wa jikoni."

Akaenda na futi yake ya cherehani, akarudi: "Inchi thelathini na mbili."

"Umepima fremu yote, mama, au pale mtu anapopita?"

Kimya kidogo. Akarudi tena. Mlango ukiwa wazi, ubao wenyewe unakula nafasi, na kitasa kinachomoza. Pa kupita palibaki inchi ishirini na nane. Kwenye ukurasa wa bidhaa, upande mwembamba wa friza ulikuwa chini ya hapo, kwa hiyo tukaendelea: mlango wa nje, kisha kona ya ngazi, kisha umbali hadi kwenye soketi. Fanya hivyohivyo kwa godoro, kochi na televisheni. Na pima boksi pia, maana ndilo linalopanda ngazi.

Kwa vifaa vikubwa vya nyumbani soma ukurasa wa bidhaa hadi chini, sehemu inayoeleza utoaji. Kwa mafriji na mashine za kufulia Costco huwa wanajumuisha kuleta, kuunganisha kwa kawaida na kuondoka na kile cha zamani. Lakini kuna vitu vingine vinavyoachwa mlangoni tu. Kama ndugu yako ni mzee na anakaa ghorofa ya pili, tofauti hiyo ndiyo ya kuangalia kabla ya bei.

Kodi ya mauzo hufuata mahali mzigo unakokwenda, si unakokaa wewe. Hapa Minnesota nguo hazitozwi kodi hiyo. Koti lilelile nikilituma Iowa linatozwa. Ndiyo maana jumla inabadilika ukishaweka anwani, na ndiyo maana usimtajie ndugu yako bei kabla hujafika ukurasa wa mwisho.

Mzigo ukifika, mwambie afungue siku hiyohiyo akutumie picha, na boksi la kitu chochote cha umeme asilitupe. Televisheni, kompyuta, mafriji na vifaa vingine vikubwa vya namna hiyo vina siku 90 za kurudisha. Vitu vingi vingine havina siku maalumu. Maombi ya kurudisha unayaanzisha wewe kwenye akaunti, na pesa zinarudi kwenye kadi iliyolipa, yaani yako, kwa hiyo wewe ndiye wa kumfikishia mwenyewe. Pia weka kengele kwenye simu: bei ikishuka ndani ya siku 30, unaweza kuomba urudishiwe tofauti kupitia tovuti. Watu wengi hawaombi. Mimi naomba, na hela hiyo naituma kwa aliyelipia kitu.

Kuhusu malipo, kwetu pesa inatangulia. Nachukua picha ya ukurasa wa mwisho, kodi ikiwa ndani, naituma, ndugu anatuma kiasi hicho kwa Zelle, huduma ya kutumiana pesa kupitia benki, ndipo nabonyeza. Naandika kwenye daftari jina, kitu na namba ya oda. Siongezi hata senti, kwa sababu hapa sifanyi biashara, na ndugu wakianza kushuku kwamba unakula cha juu, hakuna risiti itakayowatuliza. Ukiwa na ndugu ambaye kila mara "nitatuma Ijumaa", mweleze kwa upole kwamba oda yake nayo itaingia Ijumaa.

Tangu Septemba 2024 uanachama wa kawaida ni dola 65 kwa mwaka, na ule wa juu, uitwao Executive, ni 130, unaokurudishia asilimia 2 ya manunuzi yanayostahili, mwisho dola 1,250 kwa mwaka. Dola 65 za ziada zinajilipa manunuzi yakifika 3,250. Peke yangu nisingefika. Kwa oda za ukoo tunapita. Zile asilimia 2 tumekubaliana zilipie kadi ya mwaka unaofuata. Zikipungukiwa, ninaongeza mimi, na hilo nimelisema mbele ya wote ili mtu asije kudaiwa uanachama ambao jina lake halimo.