Kabla hujalipia saa za kuruka Florida

Kila baada ya muda mdogo wangu mmoja hunitumia tangazo la shule ya urubani Marekani: "Kaka, hii vipi?" Leo nawajibu wote kwa pamoja.

Ya kawaida kwanza, hayo hayaumizi. Shule iwe na kibali cha kutoa I-20, ile fomu ya kuombea viza ya mwanafunzi; viza ni M-1, ya wanafunzi wa mafunzo ya ufundi; TSA, idara ya usalama wa usafiri, wakukague kabla hujaanza mafunzo; na cheti cha afya kitoke kwa daktari aliyeidhinishwa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Basi.

Mtego uko kwenye bei. Tangazo hupiga hesabu kwa saa za chini kabisa zinazoruhusiwa na sheria. Leseni ya kwanza, ile ya binafsi, ni saa 40, au 35 kwa shule za Sehemu ya 141, zile ambazo mtaala wake umeidhinishwa na FAA. Mimi niliipata kwa saa 71, na sikuwa mzembe. Mita ya ndege, inayohesabu saa unazolipia, huanza kuhesabu injini ikiwaka, si magurudumu yakiacha ardhi. Ukikaa foleni dakika 20 kusubiri zamu ya kuruka, inakula kama ya teksi. Mkufunzi akikuelekeza mezani, naye analipwa.

Na hao wakufunzi! Tangu 2013 rubani msaidizi wa shirika la ndege la abiria Marekani anatakiwa awe na saa 1,500, isipokuwa wachache wenye nafuu. Kwa hiyo vijana wengi wanafundisha ili wajaze saa zao, zikitimia wanaondoka. Nilipata wanne ndani ya miezi tisa. Kila mpya alisema turudie kidogo aone uwezo wangu. Kurudia huko nililipia mimi. Wawili hata hawakuaga. Niliona tu jina jipya kwenye ratiba. Wenyeji hawaoni ubaya wowote, huku kila mtu yuko njiani kwenda kwingine. Kwetu fundi cherehani tu akihama mtaa anapita kuaga.

Sasa kosa langu lenyewe: nililipa ada yote mkupuo. Nilipofika katikati ya mafunzo ya kuruka kwa vyombo, yaani kuongoza ndege kwa kusoma mita za ndani bila kutegemea kuona nje, salio likaisha, na "kifurushi kamili" nacho kikaisha. Usilipe yote. Lipa kidogo kidogo, na kabla ya kusaini soma kipengele cha kurudishiwa fedha. Nasema tena, usilipe yote, hata wakikupa punguzo.

Wazazi wangu nawaheshimu, lakini ile ya "lipa yote mwanetu, hela usije ukazila" ndiyo iliyotumaliza. Shamba limeuzwa, kanisani mmeshatangaza rubani, na mimi siruhusiwi hata kuosha vyombo mgahawani. M-1 haikupi ruhusa ya kazi ukiwa masomoni, na ukiwa hukuhuku huwezi kuibadilisha iwe F-1, viza ya wanafunzi wa masomo ya kawaida kama ya chuo kikuu. Shangazi naye kila Jumapili anauliza kama nimeshagusa Boeing. Shangazi, ni Cessna ya viti vinne.

Weka pia akiba ya kurudi. Leseni ya FAA haikupi moja kwa moja ya TCAA wala KCAA, mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania na Kenya; kuna kubadilisha, na kuna mitihani.

Ukiwa bado unataka kuja, iulize shule swali moja kwa maandishi: wanafunzi watano wa mwisho kutoka nje ya nchi walimaliza kwa saa ngapi, na walilipa jumla kiasi gani? Mimi sikuuliza. Niliuliza kuhusu hosteli.