Kabla ya kwenda kupima saratani ya mlango wa kizazi

Wengi huahirisha kipimo hiki wakisema, "Kwetu hakuna aliyewahi kuugua saratani." Hoja hiyo iweke kando kwanza. Karibu visa vyote vya saratani hii huanzia kwenye maambukizi ya muda mrefu ya HPV, virusi vinavyoenezwa kwa kujamiiana, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70 ya visa hivyo.

Seli zetu zina jeni ambazo kazi yake ni kuzuia uvimbe. Jeni ya TP53 hutengeneza protini iitwayo p53, ambayo huisimamisha seli yenye vinasaba vilivyoharibika ili ijirekebishe au ife. Protini nyingine, RB, huizuia seli isigawanyike ovyo. Katika saratani nyingi za viungo vingine, TP53 yenyewe huwa imeharibika. Kwenye mlango wa kizazi mara nyingi jeni hiyo huwa nzima kabisa, ila kirusi kimeiharibu kazi yake: protini ya kirusi iitwayo E6 husababisha p53 ivunjwe, na nyingine ya kirusi, E7, huikamata RB na kuizima. Seli huendelea kugawanyika huku makosa yakirundikana, na saratani hujitokeza kwa kawaida baada ya miaka 15 hadi 20. Miaka hiyo yote ni nafasi ya kuizuia.

Kwa hiyo uliza mapema kituoni wanatumia kipimo gani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kile cha vinasaba vya HPV, kuanzia umri wa miaka 30, kirudiwe kila baada ya miaka 5 hadi 10. Sampuli yake unaweza kujichukulia mwenyewe, jambo linalowapa nafuu wengi wanaoona haya. Anayeishi na VVU aanze akiwa na miaka 25 na arudie kila baada ya miaka 3 hadi 5, kwani hatari yake ya kupata saratani hii ni takriban mara sita ya asiye na VVU. Mweleze mhudumu hali hiyo, na ujauzito kama upo, na majibu yako ya zamani.

Chagua siku ambayo huna hedhi. Siku mbili kabla, usijisafishe ndani ya uke, usiweke dawa humo, wala usijamiiane. Lakini ukitokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, usingoje siku nzuri, nenda.

Jiandae na jibu pia. Kukutwa na HPV si kukutwa na saratani, wala si ushahidi kwamba mwenzi wako ametoka nje ya ndoa, maana virusi hivi huweza kukaa kimya miaka mingi. Kinga ya mwili huyaondoa maambukizi mengi ndani ya miaka miwili. Uliza kabisa: nikikutwa na mabadiliko ya awali ya seli, kabla hayajawa saratani, nitatibiwa hapahapa au nitapewa rufaa? Na uliyechanjwa dhidi ya HPV, pima vilevile. Chanjo haiondoi maambukizi yaliyokwisha kuingia, wala haikingi aina zote za kirusi hiki.