Pensheni ya askari mstaafu: mbunge mfuateni Oktoba, si Juni

Wastaafu wengi wa jeshi humkumbuka mbunge siku Waziri wa Fedha anaposoma bajeti, mwezi Juni. Hapo chungu kimeshaepuliwa. Kama mko Mbalizi, Tukuyu, Mafinga au Makambako na mnataka hoja yenu iingie kwenye mwaka wa fedha unaoanza Julai 1, kazi ianze Oktoba. Novemba Bunge hujadili mapendekezo ya mpango na bajeti ya mwaka unaofuata, Machi kamati hupitia makadirio ya wizara, Aprili hadi Juni ni bajeti yenyewe. Barua inayofika Mei hupokelewa kwa heshima zote na kuwekwa kwenye faili.

Jueni kwanza mlango wa kugonga. Askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) aliyestaafu hulipwa pensheni na Hazina. PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma uliozaliwa na sheria ya 2018 iliyounganisha mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF, hauhusiki naye, na kila barua mnayoipeleka kule ni nauli iliyopotea. Wizara zenu ni mbili: Fedha, inayoshika mfuko, na Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, inayoshika kumbukumbu za utumishi. Kamati za Bunge nazo ni mbili: ya Bajeti, na ya Nje, Ulinzi na Usalama. Ulizeni ni mbunge gani wa Mbeya, Songwe, Iringa au Njombe aliyemo katika mojawapo. Huyo, hata kama si wa jimbo lenu, ana faida kuliko watatu walioko nje ya kamati.

Kuna jambo wazee wengi hawaambiwi. Ibara ya 99 ya Katiba hairuhusu Bunge kushughulikia hoja ya kutoa fedha Mfuko Mkuu wa Hazina mpaka iwe imependekezwa na Rais kupitia kwa waziri. Kwa hiyo ukimwambia mbunge "tupandishie pensheni", umemtwisha mzigo asioweza kuubeba, naye atakujibu "nimelichukua". Mwombeni anachokiweza: swali la msingi kwa waziri, mchango wakati wa bajeti, kushika shilingi, yaani kutoa hoja ya kuzuia shilingi moja ya mshahara wa waziri mpaka maelezo yatolewe, au kuwaombea nafasi mbele ya kamati.

Kabla ya yote hayo, tenganisheni madai na sera. Mzee ambaye pensheni yake imesimama kwa sababu hakufanyiwa uhakiki ana dai lake binafsi, na linaishia Hazina Ndogo, ofisi ya Hazina mkoani. Suala la sera ni lile la koplo aliyestaafu 1995 kupata kidogo mno akilinganishwa na koplo wa juzi, kwa kuwa pensheni hukokotolewa kwa mshahara wa siku ya kustaafu. Mkiyachanganya kwenye karatasi moja, wizara itajibu lile jepesi, itamlipa mzee mmoja, na kumwandikia mbunge kwamba suala limeshughulikiwa.

Kukusanya takwimu ndiko kunakomaliza nguvu, na ndiko hoja nyingi hufia. Nunueni kaunta buku moja na kupiga mistari ya safu saba: namba ya jeshi, cheo cha kustaafu, mwaka wa kuajiriwa, mwaka wa kustaafu, mshahara wa mwisho, pensheni ya mwezi, namba ya simu. Kila jina liwe na nakala ya barua ya kustaafu na taarifa ya benki ya miezi 3. Wajane wawe na kurasa zao, maana hesabu yao ni nyingine. Makosa mawili hujirudia. La kwanza, mtu huandika mshahara pamoja na posho, wakati kinachotumika ni mshahara wenyewe. La pili ni baya zaidi: mzee ana mkopo wa wastaafu benki, anapokea 60,000, anaandika 60,000, kumbe pensheni yake ni kubwa kuliko hiyo na iliyobaki ni rejesho. Ofisa wa wizara akikuta namba moja ya namna hiyo, orodha nzima imekwisha. Mhakiki asiwe mwenye karatasi. Mpeni mtu mwingine alinganishe mstari kwa mstari. Kaunta buku ibaki kwenu. Anachopewa mbunge ni jumla kwa cheo na mwaka wa kustaafu, bila majina wala namba za simu. Na msiandike idadi ya watu kikosini, silaha wala operesheni. Hazihitajiki kwenye hesabu ya pensheni, na zitawaingiza kwenye matatizo ya sheria ya usalama wa taifa.

Hesabu ya thamani ya fedha iwe fupi. Mwaka wa fedha 2015/16 kima cha chini cha pensheni ya Hazina kilipanda kutoka kama 50,000 hadi kama 100,000 kwa mwezi. Onyesheni kinachotokea pensheni isipoguswa: mfumuko wa bei ukiwa asilimia 4 kwa mwaka, baada ya miaka 10 inahitajika kama 148,000 kununua kile kilichonunuliwa kwa 100,000. Chukueni asilimia halisi za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kisha ongezeni bei ya debe la mahindi Uyole au Mafinga ya wiki hiyo. Mbunge atasahau asilimia, debe hatalisahau. Akiuliza kama kuna nchi iliyowapandishia pensheni askari waliostaafu zamani, mtajieni India, iliyotangaza mwaka 2015 utaratibu wa cheo kimoja pensheni moja, unaopitiwa kila miaka 5.

Swali mwandikieni wenyewe. "Serikali ina mpango gani wa kuwajali askari wastaafu?" ni swali la kutupa, kwani jibu lake linajulikana: Serikali itaendelea kuboresha kadiri uwezo wa kifedha utakavyoruhusu. Swali linalobana ni kama hili: "Je, ni lini Serikali itaweka utaratibu wa kupandisha pensheni za askari wanaolipwa na Hazina kila mishahara ya walioko kazini inapopanda?" Ambatanisheni maswali mawili ya nyongeza, moja likidai mwaka wa fedha, la pili likidai gharama. Yote yakae ukurasa mmoja. Takwimu ziwe kiambatisho.

Mbunge hupatikana jimboni Bunge likiahirishwa. Pitieni kwa katibu wake, chukueni siku na saa, na msimvizie msibani. Nendeni watu 5, mmoja awe mjane. Hapa kuna tatizo la kikwetu: meja mstaafu akianza kuzungumza, koplo hukaa mguu sawa na kunyamaza. Kubalianeni mapema kwamba anayesema ni anayezijua namba, afande akae pembeni. Vaeni suti na nishani, msivae sare. Msiombe nauli wala sukari siku hiyo. Ukishapokea bahasha, kilichobaki ni shukrani. Kila mstaafu wa kundi lenu akichanga 5,000 kwa stakabadhi, nakala na safari ya Dodoma kwa njia ya Iringa na Mtera zitapatikana.

Maandamano yaacheni mwisho. Sheria inataka polisi wapewe taarifa ya maandishi saa 48 kabla, na hata ikitimizwa, habari ya kesho yake itakuwa polisi na wazee, pensheni itasahaulika.

Waziri akishajibu, tafuteni Taarifa Rasmi za Bunge (Hansard) za siku hiyo, chapisheni ukurasa wenye jibu na kupigia mstari kila "tutafanya". Pelekeni nakala kwa mbunge kabla ya kikao kinachofuata, pamoja na swali jipya linaloanza kwa tarehe ya jibu lile.