Redi doti au vilengeo vya chuma? Kwanza zima nukta, kisha chungulia

Mwongozo huu ni wa mnunuzi wa bastola anayechagua cha kulengea: redi doti, yaani kioo kidogo cha betri chenye nukta ya mwanga, kinachofungwa juu ya bastola, au vilengeo vya chuma, yaani kile cha mbele na kile cha nyuma vinavyokuja nayo. Lakini kabla ya yote: kama uko Marekani kwa viza ya masomo, ya matembezi au ya kazi ya muda, mwongozo huu haukuhusu. Sheria ya shirikisho inawakataza wenye viza hizo kuwa na bunduki au risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama ile ya mwenye leseni halali ya uwindaji, na misamaha hiyo usijitafsirie mwenyewe, muulize wakili. Kusema "rafiki aliniazima tu uwanjani" hakutakuokoa. Nimeona kijana mwenye akili zake akipiga picha na bastola ya mwenzake na kuirusha mtandaoni, bila kujua anajitengenezea ushahidi.

Wenye grini kadi na uraia, tuendelee. Fomu 4473, ile ya shirikisho ya kununulia bunduki, na ukaguzi wa rekodi zako unaofanywa na FBI, utaelekezwa dukani. Kwa mtu aliyewahi kufuatilia kibali cha silaha nyumbani, ofisi hii leo na ile kesho, sehemu hiyo ni nyepesi.

Kilichoniumiza mimi hakikuwa kwenye fomu. Nilinunua bastola ambayo slaidi yake, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ikifyatuliwa, imechongwa tayari kupokea redi doti. Muuzaji akakifunga kile kidude palepale, nukta ikawaka, nikalipa. Hakuniuliza macho yangu yakoje. Nami sikuchungulia kioo kikiwa kimezimwa. Shika neno hilo: kikiwa kimezimwa.

Ikafika siku ya mtihani wa kibali cha kubeba silaha, jimbo la Texas. Risasi 50, kutoka yadi 3, 7 na 15, unatakiwa upate alama 175 kati ya 250. Wiki nzima nilikuwa nimeiacha nukta ikiwaka kwa mwanga wa juu kabisa, mchana na usiku. Yadi 3 zilikwenda vizuri. Tuliporudi nyuma hadi yadi 7, nikainua bastola, kioo kitupu. Betri imekufa. Nikatafuta kilengeo cha mbele, kile cha chuma kilichokuja na bastola, sikukiona. Kilikuwepo mahali pake, lakini kilikuwa kifupi, na fremu ya redi doti ilikuwa imekiziba kabisa. Nina bastola mkononi, imejaa risasi, na sina cha kulengea. Mkufunzi anahesabu sekunde. Nilifeli, na ada ya darasa ikaenda. Usiku ule sikulala vizuri, nikiwaza ingekuwaje kama pale ni mlangoni kwangu na wanangu wako nyuma yangu.

Kwa hiyo nakuomba, fanya hivi dukani, kabla ya kutoa kadi ya benki. Bastola iwe tupu, uhakikishe kwa macho na kwa kidole, uielekeze upande salama. Zima nukta. Inua. Kama huoni kilengeo cha mbele kikikaa ndani ya pengo la kile cha nyuma, kwenye sehemu ya chini ya kioo, bado hujamaliza kununua. Unahitaji vilengeo virefu, vya aina iliyotengenezewa bastola zinazofungwa kizuia sauti. Muuzaji atakwambia redi doti za siku hizi hazizimiki. Zinazimika. Betri inakufa, tone la mvua linatua kwenye lenzi, vumbi la mfukoni linaziba taa. Zima nukta, uchungulie.

Bamba linalokaa kati ya slaidi na redi doti liwe la kufaa aina ileile ya redi doti yako, skrubu zikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji na gundi yake. Hakikisha holsta, ule mkoba wa kubebea bastola kiunoni, ina nafasi ya kioo.

Sasa kuhusu kuchagua. Kwa vilengeo vya chuma jicho linagombania vitu vitatu, cha nyuma, cha mbele na shabaha, na inakubidi uache viwili vififie ili kile cha mbele kiwe wazi. Ukishapita miaka 40 na kitu, hicho cha mbele ndicho kinachoanza kuota ukungu, kama gazeti bila miwani. Hapo redi doti ni msaada wa kweli, maana unatazama shabaha tu na nukta inakuja yenyewe juu yake. Lakini wenye astigmatizimu, yaani jicho lisilopindika sawasawa, huiona nukta ikiwa na mkia, au imetapakaa kama tone la wino kwenye karatasi yenye maji. Usikimbilie kurudisha kifaa. Kipige picha kwa simu kupitia kioo: nukta ikitoka safi kwenye picha, tatizo ni jicho. Nenda kwa daktari wa macho.

Jingine ni kwamba nukta haionekani kama kiwiko na kifundo cha mkono havijazoea njia moja. Mwanzoni utainua na kuitafuta ndani ya kioo kama mtu anayetafuta funguo gizani. Hilo halitibiki kwa pesa, ni mazoezi ya bastola tupu, kila siku kidogo kidogo. Kama unafanya zamu mbili na hupati dakika kumi, baki na chuma. Wamarekani ni wakarimu sana uwanjani, mtu usiyemjua atakuachia nafasi yake akufundishe bure, lakini dukani wanaamini kifaa kipya hutibu kila kitu. Tusiige hilo.

Na tusijidanganye kwamba kibali kinatulinda sote sawa. Mwaka 2016 huko Minnesota, Philando Castile, mtu mweusi mwenye kibali, alimwambia polisi kwa adabu kwamba ana silaha, akapigwa risasi ndani ya gari lake. Polisi akikusimamisha, mikono juu ya usukani, sogea pale tu utakapoambiwa.

Kwa ndugu walioko nyumbani wanaosema "niletee hako kakioo, kanaenea kwenye soksi": hapana, mdogo wangu. Vilengeo vya silaha vimo kwenye orodha ya bidhaa ambazo Wizara ya Biashara ya Marekani inadhibiti utokaji wake, na forodha yetu unaifahamu. Siwezi kupoteza grini kadi kwa kitu cha ukubwa wa kiberiti.

Yangu sasa ina vilengeo virefu, na ndani ya mfuniko wa sanduku lake nimebandika utepe wa karatasi wenye tarehe niliyobadilisha betri. Kila mwezi naizima, nachungulia, nikiona chuma ndipo naiwasha tena.