Faili kwanza, jukwaa baadaye: kutafsiri programu mkiwa wengi

Watu wakitaka kuanza kutafsiri programu kwa Kiswahili, swali lao la kwanza huwa watumie jukwaa gani, yaani tovuti ipi ya kutafsiria kwa pamoja. Mimi huwarudisha kwenye faili. Kundi letu lina watu wa Area C na Nkuhungu hapa Dodoma, wengine wako Kondoa na Mpwapwa, na kwa sasa tunatafsiri programu ya kumbukumbu za mauzo kwa wakulima wa zabibu wa Hombolo. Jukwaa mnaweza kulihama wakati wowote. Faili bovu litawafuata kila mnakokwenda.

Muulize mwandishi wa programu maneno ya kwenye skrini ameyahifadhi kwa muundo gani. Kama ni PO, muundo wa faili la tafsiri unaotumiwa na vifaa vya gettext, usiubadilishe. Sentensi ya asili inakaa kwenye msgid, tafsiri yake chini kwenye msgstr, na juu kuna nafasi ya maelezo ya mwandishi. Hayo maelezo yadaini bila haya. Ngeli haziko kwenye Kiingereza, nasi hatuwezi kuzikwepa: “%s imefutwa” (%s ni alama ambayo programu huijaza neno) inafaa kwa risiti, lakini mauzo yamefutwa na mkulima amefutwa. Aliye Kondoa hawezi kubuni kitakachoingia mahali pa %s.

Sentensi ya asili ikibadilika kidogo, msgmerge, kifaa cha gettext cha kusasisha faili la PO, huchukua tafsiri ya zamani inayoikaribia na kuiwekea alama ya fuzzy, yaani haina uhakika. Ipitieni, mrekebishe, kisha muiondoe alama, maana msgfmt, kifaa kinachogeuza PO kuwa faili linalosomwa na programu, kwa kawaida huiruka tafsiri yenye alama hiyo na mtumiaji ataona Kiingereza.

Lahajedwali siikubali, hata kama kila mtu anaijua. Excel hufuta sifuri iliyotangulia namba, na maandishi yanayoanza na alama ya sawasawa huyachukua kuwa fomula. Ikianza kuzunguka WhatsApp ndiyo basi: kuna “mwisho”, kuna “mwisho2”, kuna “mwisho kabisa”, na kazi ya watu imepotea katikati.

JSON, muundo mwingine wa faili, mara nyingi hubeba lugha moja tu na haina pa kuandika maelezo, kwa hiyo igeuzeni kuwa PO kwa json2po ya Translate Toolkit, mkusanyo wa vifaa vya kugeuza faili za tafsiri, kisha mrudishe kwa po2json. Strings.xml, faili la maneno la programu za Android, iacheni ilivyo. XLIFF, muundo wa kubadilishana tafsiri kati ya programu mbalimbali, inawafaa zaidi wanaoshirikiana na watafsiri wa kulipwa wenye programu zao.

Kwa vifaa, ninapendekeza viwili. Poedit, programu ya kompyuta ya kuhariri faili za PO, hufanya kazi bila intaneti, na kwa mtu wa Mpwapwa anayehesabu bando hilo ni jambo kubwa: anashusha faili, anafanya kazi jioni nzima, anapandisha mara moja. Weblate ni jukwaa la kutafsiria mtandaoni, ni programu huria, inaunganishwa na Git inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, na inaonyesha nani kabadili nini. Waliozoea simu hutafsiri humo kwa kivinjari. Ila gawaneni sehemu. Wawili wakishika sentensi zile zile, mmoja Poedit na mwingine Weblate, zitagongana.

Mtu mmoja awe na jukumu la kukagua kabla ya kumkabidhi mwandishi. Aendeshe msgfmt -c -v sw.po: itamwambia palipodondoka %s au %d (nafasi ya namba) kwenye sentensi zilizowekewa alama kama c-format, na ni sentensi ngapi bado. Kisha aiweke programu yenyewe kwenye simu ndogo na kufungua kila ukurasa, kwa sababu Kiswahili hurefuka kuliko vitufe vilivyochorwa kwa Kiingereza, na hilo msgfmt haiwezi kuliona.