Namna ya kupima kasi ya kutu kwa njia ya umeme: chuma cha kawaida katika maji ya bahari ya Dar es Salaam

Nguzo za gati, mabomba ya kupozea mitambo na matangi yaliyo karibu na pwani ya Dar es Salaam hulika mchana na usiku, na anayeyatunza hutaka kujua yanalika kwa kasi gani kabla hayajatoboka. Kupima kwa mizani huchukua miezi, ilhali njia ya umeme hutoa jibu katika asubuhi moja. Nasisitiza tangu mwanzo kwamba thamani ya jibu hilo hutokana na yale yanayofanywa kabla ya mashine kuwashwa, na ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu maandalizi.

Kutu ni kazi ya umeme. Sehemu moja ya uso wa chuma, yaani anodi, huyeyuka na kuacha elektroni, na elektroni hizo hupita ndani ya chuma chenyewe hadi kwenye kathodi, ambako hupokewa na oksijeni iliyoyeyuka majini. Kwa kuwa zinazoachwa ni sawa na zinazopokewa, hakuna mkondo unaotoka nje wa kupimwa. Mpimaji hana budi kukisukuma chuma kidogo kutoka kwenye usawa wake na kutazama ni mkondo kiasi gani unaojitokeza.

Utahitaji potenshiostati, yaani mashine inayodhibiti volteji na kupima mkondo, bika ya maji, na elektrodi tatu, yaani vipande vya kupitisha umeme vinavyozamishwa majini. Ya kwanza ni sampuli yenyewe. Ya pili ni elektrodi ya rejea, ambayo volteji yake haibadiliki, kama ile ya fedha na kloridi ya fedha. Na ya tatu ni elektrodi saidizi ya platinamu au grafiti, ambayo kazi yake ni kupitisha mkondo tu.

Kata kipande cha duara chenye kipenyo cha milimita 12, ambacho uso wake ni sentimita za mraba 1.13. Lehemu waya wa shaba mgongoni kwa risasi, hakikisha kwa multimita kwamba umeme unapita, kisha zamisha kipande katika epoksi ili ubaki wazi uso mmoja pekee. Hapa ndipo vipimo vingi huharibika. Nimewahi kupoteza siku nzima nikishangaa volteji iliyopanda kuliko kawaida, kumbe maji yalikuwa yamepenya hadi kwenye waya, na shaba ikigusana na chuma ndani ya maji ya chumvi hukifanya chuma kilike kwa kasi zaidi na kubadilisha usomaji wote. Kagua pia kwa kioo cha kukuzia ukingo unaokutanisha epoksi na chuma, kwa sababu ufa mwembamba hapo huficha maji na kuanzisha ulikaji wa pembeni ambao si tabia ya uso unaoupima.

Sugua uso kwa msasa namba 240, 400, 600 na mwishowe 1200, ukigeuza mwelekeo kila unapobadilisha msasa mpaka mikwaruzo ya awali itoweke. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa, kisha kwa ethanoli, na ukaushe. Usitumie maji yanayouzwa kwa ajili ya betri bila kujua yaliyomo, kwani mengine yana asidi. Katika hewa ya Dar es Salaam, hasa wakati wa masika, chuma kilichosuguliwa huanza kupata madoa upesi sana. Kwa hiyo sugua pale unapokaribia kupima, na kama ni lazima kusubiri, kihifadhi kwenye chombo kilichofungwa chenye silika jeli.

Wengi hutumia maji yenye chumvi ya kawaida asilimia 3.5, na kwa kulinganisha aloi moja na nyingine hayo yanafaa. Ikiwa swali lako linahusu gati fulani, chota maji ya pale pale. Epuka kuchota karibu na mdomo wa Mto Msimbazi mvua zikinyesha, kwa kuwa maji ya mto hupunguza chumvi na kuleta taka. Angalia pia joto: chumba chenye kiyoyozi kinaweza kuwa na nyuzi 22 wakati bahari ina nyuzi 27 au zaidi, na tofauti hiyo hubadilisha kasi ya ulikaji.

Zamisha sampuli na usipitishe mkondo wowote. Fuatilia volteji kwa saa moja au zaidi, hadi mabadiliko yawe ya milivolti moja au mbili tu kwa dakika tano. Chuma cha kawaida katika maji ya bahari hutulia karibu na volti −0.6 hadi −0.7 dhidi ya elektrodi ya fedha. Uvumilivu wa saa hii hauna mbadala: ukipima huku volteji ikiteremka, mteremko huo utaingia ndani ya jibu lako. Mashine iunganishwe na betri ya akiba, maana umeme ukikatika katikati ni lazima usugue sampuli na kuanza upya.

Sasa sogeza volteji kutoka milivolti 10 chini ya ile iliyotulia hadi milivolti 10 juu yake, kwa kasi ya milivolti 0.167 kwa sekunde, jambo linalochukua dakika mbili. Chora volteji dhidi ya mkondo. Mwinuko wa mstari ndio ukinzani wa ulikaji. Tuseme umepata ohmu 1,500. Zidisha kwa eneo la uso, upate takriban 1,700 (ohmu mara sentimita za mraba). Kanuni ya watafiti Stern na Geary ya mwaka 1957 inasema mkondo wa kutu ni namba ya kudumu iliyogawanywa kwa ukinzani huo, na kwa chuma kinacholika waziwazi namba hiyo huchukuliwa kuwa volti 0.026. Jibu ni kama mikroampia 15 kwa sentimita ya mraba. Kwa chuma, kila mikroampia moja kwa sentimita ya mraba ni milimita 0.0116 kwa mwaka, kwa hiyo kipande hiki kinapoteza milimita 0.18 kwa mwaka.

Mahesabu haya yanaweza kudanganya katika maji ya kisima. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri, na kwa sampuli ya ukubwa huu yanaongeza ohmu zisizozidi kumi hivi. Maji ya kisima yenye mikrosimensi 500 kwa sentimita (kipimo cha uwezo wa kupitisha umeme) yanaweza kuongeza ohmu 800 hivi, nawe ukizihesabu kama ukinzani wa chuma utatangaza kwamba bomba linalika polepole kuliko ilivyo kweli. Pima ukinzani wa maji kwa mkondo geu wa masafa ya juu, kisha uutoe kabla ya kuzidisha kwa eneo.

Kwa chuma cha pua, usitumie njia hii peke yake. Wastani wake utaonekana mdogo sana, ilhali kloridi hutoboa tundu moja na tangi likavuja. Hapo pandisha volteji taratibu hadi mkondo uruke ghafla, kisha irudishe chini uone ni volteji ipi inayoyafanya matundu yajifunge; volteji hiyo ikiwa chini ya ile iliyotulia, tundu likishaanza haliponi.

Rudia kila kipimo kwa sampuli tatu mpya. Halafu ning'iniza baharini kibati cha chuma kilekile chenye uso wa sentimita za mraba 100 kwa siku 90. Kwa kasi ya milimita 0.18 kwa mwaka, kikishasafishwa kutu kinapaswa kuwa kimepungua kama gramu 3.5; tofauti ikiwa kubwa, anza kwa kukagua upya ule ukingo wa epoksi.